Harufu ya Pandani kwenye Vitumbua

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakuambia wewe tu: sitaki kusomea ualimu. Nataka kupika vitumbua niuze.

Usicheke nikikuita mjukuu. Mama yako ananiita mama mdogo, kwa hiyo unanidai jibu nami nakudai shikamoo. Hapa Morogoro wote wazima.

Umeuliza kwa nini vitumbua vyako vya pandani vinanuka dawa. Bila shaka umetumia ile pandani ya chupa ya dukani. Nami niliitumia, nikapeleka vitumbua Mikese kuwauzia madereva wa malori. Dereva mmoja alinusa akasema, "Binti, hiki cha kula au cha kuogea?" Wenzake wakacheka. Nikarudi na beseni zima.

Baadaye nikapata majani yenyewe ya pandani, yale marefu yanayonukia, kijijini Kinole. Chagua yaliyokomaa, yaache yanyauke kidogo, yafunge fundo, yachemshe taratibu kwenye tui. Likipoa, yatoe, ukorogee unga wa mchele.

Unajua siwezi kuita wateja. Niliporudi Mikese nilifunua beseni tu. Yule dereva akaja mwenyewe: "Dada, leo umeweka nini humo?"

Baba anasubiri matokeo yangu ya mtihani anipeleke chuo cha ualimu. Nitamwambia mwenyewe. Wewe usimwambie hata mama yako.

Bibi yako,
Mwanaidi