Amini kaambiwa arudie kimo

Hasna, Amini wetu kaumbuka! Hapa hapa uwanja wa ndege wa Musoma.

Injini zinanguruma, mawingu yamefunika ziwa lote. Mwongoza ndege akamtajia Amini, rubani msaidizi, redioni njia na kimo cha kupandia. Rubani lazima arudie yote neno kwa neno. Yeye akajibu, "Nimeelewa."

"Rudia kimo."

Kichwa kinachoshikaga beti zote za mashairi yangu, kimo kimekitoka! Akamgeukia kapteni, Mama Gaudensia.

"Usinitazame mimi. Jibu!"

Redio tena: "RUDIA KIMO. Kuna ndege inashuka mawinguni."

Akibahatisha, ataua watu. Akiuliza, kaaibika mbele ya Mama Gaudensia. Atakimbilia wapi na mkanda kifuani?

"Nimesahau. Naomba unitajie tena."

Akatajiwa, akarudia, wakaruka. Mpaka Dar mama hakumsemesha.

Na kesho kapangwa naye tena!