Nitolee Hiyo Taa

Jumapili, 2 Machi

Limekaa kitako tena! Nimefungua dirisha la chumba cha cherehani asubuhi, na hilo hapo uani, nyuma limebonyea hadi matairi yamemezwa. Gari la kifahari. Mwenzangu akatoka na kikombe cha chai, akalizunguka, akasema linapumzika. Linapumzika kutokana na kazi gani? Jana halikwenda popote.

Anasema magari haya hayana springi kama mengine. Yana mifuko ya hewa. Hewa inavuja taratibu, ukiliwasha linajijaza lenyewe. Akaliwasha. Likainuka kweli — polepole, kwa madaha — naye akanitazama kana kwamba kalizaa yeye.

Gari hili mimi naliita mke mwenza. Na kama mke mwenza yeyote, kaja na kuchukua nafasi yangu ya kuanikia nguo.

Mume wangu maisha yake yote alikuwa dereva wa wakubwa. Gari hili hili aliliendesha yeye, bosi akiwa nyuma. Ofisi ilipolipiga mnada, alinyoosha mkono kabla dalali hajafunga mdomo, kiinua mgongo bado kina moto mfukoni. Sikusema kitu. Yaani nilisema, ila sikusikilizwa.

Jioni nimemwona kakaa ndani yake, uani hapa hapa, anasoma gazeti. Kiti cha nyuma! Alipoona pazia limecheza akaanza kufuta vumbi.

Jumanne, 4 Machi

Kanipeleka kununua zipu na nyuzi. Njiani dashibodi ikawaka taa nyekundu: duara, ndani yake alama ya mshangao. Nikamwambia hata gari lenyewe linashangaa. Hakucheka.

Kitu kingine. Miguu yake. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, siwezi kukaa na mtu nisitazame miguu yake. Kwenye makutano alikanyaga breki, kisha akakanyaga tena haraka haraka. Kila tuliposimama. Mara mbili, wakati mwingine tatu.

Nikauliza mbona hivyo. Akasema ndivyo anavyotaka — "anavyotaka", kama mtu! Na hiyo taa? Hitilafu ndogo tu. Gari hili lina taa nyingi kuliko jumba la sinema, mama, ukizijibu zote hutafika.

Kurudi, mvua. Kioo cha upande wangu kikagoma kupanda. Nimeshuka mkono mmoja umelowa hadi begani, zipu nimezificha chini ya blauzi.

Alhamisi, 6 Machi

Buti limejifunga. Ndani: nguo zote za mtoto nilizomshonea binti yetu. Siku zake za kujifungua zimewadia, mumewe yuko kazini mbali, na nguo za mjukuu zimo kifungoni! Mwenzangu alipita kiti cha nyuma, kichwa ndani, miguu nje, akaanza kuzivuta moja moja. Kofia. Soksi. Fulana.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Na yeye alicheka, kule kule ndani. Muda mrefu hatujacheka pamoja.

Jumamosi, 8 Machi

Kalipeleka gereji, kwa fundi wanayemwita Dokta. Karudi anapiga honi tangu kona. "Njoo uone! Taa imeondoka!"

Nikaenda. Kweli, hakuna taa. Dashibodi imetulia kama uso wa mtu aliyelala. Nikafurahi, nisijidanganye — nilifurahi sana. Nikamsifu yeye, nikamsifu Dokta, nikalisifu hata gari.

Mchana tukaenda kumwona binti. Anaishi nyumba za karibu na hospitali, juu kabisa kilimani. Kisha tukashuka. Mteremko ule ni mrefu, na mwisho wake ni soko, watu wametandika nyanya mpaka ukingoni mwa lami. Nikatazama miguu.

Kakanyaga. Kakanyaga tena.

Labda ni mazoea tu.

Jumatano, 12 Machi

Niandike taratibu.

Leo nimepeleka ovaroli gereji, nawashonea mafundi wa Dokta. Wanamwita Dokta kwa sababu hagusi gari kabla hajalichomeka kwenye kompyuta, na wenye magari wanamngojea kwenye benchi kama zahanati. Benchi lilikuwa limejaa. Mwanamke mmoja, daktari wa watu kweli, gari lake linajifunga likiwa na ufunguo ndani. Muuza vigae, buti linafunguka barabarani likijisikia. Bwana mnene mwenye saa kubwa, usukani unamkazia ghafla kwenye kona — na alisimulia akicheka! Kila mmoja akimaliza anasema, lakini raha yake, acha tu. Sijaona wagonjwa wanaojivunia maradhi namna hii. Na neno lao ni moja: tabia. Langu lina tabia hii, langu lina tabia ile. Gari halina ubovu kwa watu hawa, lina tabia.

Nikamvuta Dokta pembeni. Shikamoo mama, marahaba, ovaroli zimependeza, haya. Kisha nikamuuliza, ile taa ya mzee ilikuwa ya nini?

"Ya breki, mama."

"Umeitengeneza?"

"Nimeitoa."

"Breki, umeitengeneza?"

Akajikuna kichwa na bisibisi. "Mama, mzee aliniambia, nitolee hiyo taa. Nimemtolea taa. Nimechomoa waya wake."

Nikamwambia unaona mtoto ana homa unavunja kipimajoto! Akasema alimweleza mzee yote. Pampu ya breki imechoka ndani. Ukikanyaga, pedali inazama. Ukipampu mara mbili tatu inashika — leo. Kesho hajui. Pampu mpya inaagizwa nje, itachukua wiki kadhaa, na mpaka hapo gari lilitakiwa lilale. Mzee akasema pampu ingoje mjukuu azaliwe kwanza. Ila taa inamkera, itolewe.

Nikaketi kwenye benchi na wale wagonjwa. Bwana mwenye saa akaniuliza, lako lina tabia gani, mama?

Alhamisi, 13 Machi

Kumbe alijua! Hicho ndicho kinachonichoma. Angekuwa hajui ningemwambia, basi.

Nilimwambia wakati wa chai. Akauliza nani kanituma gereji. Nikasema ovaroli. Akasema yeye ameshika usukani kabla hata Dokta hajaota meno, na hajamwangusha mtu hata mmoja.

"Kwa sababu hujawahi kuendesha gari bovu," nikasema. "Ya ofisi yalikuwa yanatengenezwa."

Niliona limemwingia. Kisha akasema ulimi wangu ungekuwa sindano, kazi zote zingeisha leo. Akatoka. Nikasikia mlango wa gari. Ule wa nyuma.

Usipoziba ufa utajenga ukuta — nilimwimbia mtu huyu methali hii kwa bomba la jikoni, kwa paa, kwa jino lake. Hivyo vyote vilikuwa maji na maumivu. Hii ni roho.

Ijumaa, 14 Machi

Msichana!!

Wote wazima. Ana vidole virefu, atashona. Simu haijatulia. Binti anaruhusiwa Jumapili asubuhi, atakuja kukaa kwetu mpaka apate nguvu. Mwenzangu kalia kwenye simu, kisha kajifanya mafua.

Na baada ya mafua kachukua ndoo na kitambaa. Analiosha. Anaimba.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu yote.

Nimesema teksi. Akasema mjukuu wake hatatoka hospitali na mtu asiyemjua. Nimesema jirani ana gari dogo, zima, atatuazima. Akasema lile ni kiberiti. Nikasema basi niende mimi peke yangu kwa teksi, wewe utungoje hapa na gari lako limeng'ara. Hapo akaweka kitambaa chini.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Miaka yote nimewafungulia watu mlango wa nyuma," akasema. "Wao, wake zao, watoto wao. Kuna mmoja alikuwa na mbwa, na mbwa nilimfungulia. Kesho namfungulia mwanangu. Mara moja tu, mama. Kisha lilale hata mwaka."

Nikaenda kukaa kwenye cherehani nikalia. Namwelewa. Hilo ndilo baya, namwelewa kabisa! Nikimwona amesimama pale mlangoni pa hospitali, mkono kwenye kitasa, kola niliyoipiga pasi mimi, nitafurahi kuliko yeye. Halafu naona mteremko. Naona nyanya. Naona vile vidole.

Sikio la ku— hapana. Sitaimalizia methali hiyo.

Nimpigie binti nimwambie? Ana mtoto wa siku moja kifuani. Na nikimwambia, nimemvua baba yake nguo mbele ya mwanawe. Sikupiga.

Ufunguo uko mmoja tu. Si ufunguo hasa, ni kidude cheusi kama kokoto, hauchomekwi popote. Yeye huutupa kwenye bakuli sebuleni.

Jumapili, 16 Machi

Niandike haraka. Naandikia juu ya usukani, daftari lilikuwa mfukoni mwa sketi.

Asubuhi, akiwa anaoga, niliuchukua ufunguo na kuutia ndani ya sidiria. Mahali ambapo hatautafuta akiwa na hasira. Nikajisemea, atatafuta, atachelewa, atakasirika, tutapanda teksi. Basi.

Alitoka kavaa suti yake ya kazi. Ile nyeusi! Kaenda kwenye bakuli. Kageuza mito ya makochi. Kainua zulia. Hakuniuliza. Akaenda uani kutazama kama ameuangusha kwenye gari, akavuta mlango, umefungwa.

Nikaona nimalize kabisa. Nikatoka, nikashika mlango wa nyuma ili nikae mle ndani, nimwambie sishuki, ukitaka utanibeba. Nikavuta — ukafunguka! Sikushtuka. Nilikuwa na hasira mno hata ya kushtuka. Nikaingia. Nikakunja mikono.

Yeye alishtuka. Alinitazama mimi, akautazama mlango. Kisha akatabasamu. Polepole, kama gari lake linavyoinuka. Akaingia mbele, akakanyaga pedali, akabonyeza kitufe.

Likawaka.

Kikulacho ki nguoni mwako! Kidude kile hakihitaji kuonekana. Gari linakinusa. Nilikuwa nimembebea ufunguo mpaka kwenye kiti! Akacheka, akasema ahsante, mama. Gari likaanza kujiinua. Mimi nikataka kulia na nikataka kumpiga na kiatu. Akashuka kwenda kufungua geti.

Hapo ndipo nilipohama. Sijui nilipataje wepesi, mtu wa magoti kama yangu. Nilipita katikati ya viti, sketi ikanasa kwenye gia — niliogopa litaondoka — halikuondoka. Nikakaa kwenye kiti chake. Sijui kuendesha. Sijawahi hata kukaa upande huu. Lakini pedali naijua, ni kitu cha mguu. Nikaiwekea mguu wa kulia, nikaukandamiza bila haraka, kama ninavyoanza kushona kitambaa chepesi.

Ikashuka. Ikashuka. Ikashuka. Haikugoma popote. Imefika sakafuni na kukaa.

Geti liko wazi. Karudi. Kafungua mlango wa upande huu.

"Sogea, mama."

Nikamwambia aingize mkono ashike mguu wangu.

"Sogea."

"Shika tu."

Akainama. Na suti yake. Kashika kifundo cha mguu wangu, kisha kiatu, kisha ile pedali chini ya kiatu. Mkono ukakaa pale. Nilimwona utosi, nywele zimekuwa nyeupe lini? Akasema pampu mara mbili. Nikapampu. Ikaja juu kidogo, ikashuka tena, mkono wake ukishuka nayo. Akasema tena. Nikapampu tena. Sakafuni.

Hakusema ya tatu.

Kasimama. Kajifuta goti. Kaufunga mlango wangu taratibu, kwa ule ustadi wake, hausikiki. Nikadhani anaingia ndani ya nyumba. Hapana. Kazunguka, kafungua mlango wa nyuma, kakaa. Kaufunga. Na sasa tumekaa hivi — geti wazi, injini inanguruma, mimi mbele, yeye nyuma na suti yake.

Simu ya binti imeita. Ikakatika. Inaita tena, iko mfukoni mwake, hapokei. Atakuwa kashavaa, kashamfunga mtoto shali, yuko mlangoni pa hospitali anatazama barabara.

"Dereva," kasema.

Sijui anatania au analia. Kioo cha juu kimeelekezwa kwa kimo chake, mimi kinanionyesha paa tu. Ningegeuka nimwone. Lakini nikigeuka mguu utatoka kwenye pedali, na ingawa najua haishiki kitu, naogopa kuuondoa.