Kazungu Alivyoogopa Mbele ya Watu

Mjukuu wangu Dama,

Marahaba, mama. Hapa Kisauni tu wazima. Goti la bibi yako limepata nafuu, na Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu yake.

Waniuliza kwa nini mafundi unaowasimamia huko Nakuru hupanda ghorofani bila kufunga mkanda wa usalama. Mimi nami nilikuwa vivyo hivyo, nilipofanya kibarua kwenye jengo moja kule Nyali. Mikanda tulipewa, tukaitundika msumarini. Aliyeufunga alichekwa kuwa mwoga, nami niliogopa kicheko kuliko kuanguka.

Asubuhi moja Kazungu, fundi tuliyemheshimu kuliko wote, alisimama katikati yetu akasema kwa sauti, "Hebu nifungeni vizuri. Mie naogopa."

Hakuna aliyecheka. Siku hiyo tulifunga sote.

Wiki ile ile ubao ulivunjika chini ya miguu yangu, nikabaki nikining'inia kama nguo iliyoanikwa. Bibi yako nilikuwa sijamuoa bado.

Kila nionapo mwandiko wako, mama, humshukuru Mungu kwa woga wa Kazungu.

Babu yako,
Charo