Kule Bondeni Ulikoangukia Mpira

Alhamisi. Ukungu umekaa juu ya Kirolirwe tangu asubuhi. Ng'ombe wanasikika lakini hawaonekani. Kifua changu leo kinakubali niketi, hakikubali nilale. Basi naandika.

Bauma alikuja jana. Zamani alikuwa nahodha wangu, sasa ndiye kocha wa timu niliyoiacha. Jumapili wanacheza na timu ya Pinga. Wamefungwa mfululizo, na wakubwa wa hapa wamemwambia wazi: akifungwa tena, timu atapewa mtu mwingine. Aliketi kwenye kibao karibu na kitanda changu, akavua kofia.

"Papa Mwalimu, utuachie systeme yako ya kucheza. Usiende nayo."

Hakusema niende nayo wapi. Sote wawili tunajua.

Nilifumba macho mpaka chai yake ikapoa. Akadhani nimechoka, akaniaga kwa heshima, akasema atarudi leo. Sikuwa nimechoka.

Kuna jambo ninalotaka kuliungama kabla pumzi haijaniishia: sijui kwa nini tulikuwa tunashinda.

Nilifundisha hesabu katika sekondari maisha yangu yote, na timu niliiongoza jinsi nilivyofundisha, kwa chaki. Pembetatu. Mwenye mpira awe daima na wenzake wawili karibu, na mpira ukihama, pembetatu nayo ihame. Tulishinda mwaka baada ya mwaka. Wachezaji walioa, wakakimbia vita, wakarudi au hawakurudi, wengine wakashika nafasi zao, na bado tulishinda. Watu walisema ni mfumo wa Mwalimu. Nami niliitikia. Nani angekataa?

Halafu kuna kocha mmoja wa timu ya Shasha. Alipanda huku kutoka ziwani na samaki wa zawadi, akanakili pembetatu zangu zote kwa mkono safi. Akarudi kwao, akafungwa na kila mtu. Tulipokutana tena aliniambia, "Mwalimu, kuna kitu umenificha." Nilicheka. Nilimwona kama mwanafunzi mzito wa kuelewa.

Leo simcheki.

Labda ulikuwa uwanja. Tulichezea kwenye malisho ya ng'ombe, yameinama kama paa la nyumba. Kipindi cha kwanza tulipanda, cha pili tukashuka, wakati wageni wamekwisha miguu. Maelezo mazuri. Lakini uwanja wa Pinga ni tambarare, msitu pande zote, na tulikuwa tunafika huko migongo imevunjika kwa pikipiki na matope. Tulishinda hata huko.

Labda walikuwa vijana wenyewe, miguu iliyokua kwenye milima. Lakini Bauma anachezesha watoto wa vijana walewale, kwenye milima ileile.

Nageuza hivi, nageuza vile. Kichwa changu kimekuwa kama huko nje, ukungu mtupu.

Neema, binti yangu anayenitunza, aliniletea uji akanikuta nimeinamia simu. "Papa, unaandika tena? Malaika akikuya, utamuambia angoje umalize phrase?" Nikamjibu: atangoja, yeye ana adabu kuliko wewe. Alicheka, kisha akageuza uso kwenye dirisha ambalo halionyeshi kitu.

Saa sita Bauma akarudi. Safari hii nilimuuliza mimi. Wewe ulikuwa ndani ya uwanja, nikamwambia, mimi nilikuwa pembeni na filimbi. Kwa nini tulishinda?

Alinitazama kwa mshangao. "Papa, ile njo nilikuya kukuuliza."

Nikamwomba anisimulie mazoezi yetu, kama anamsimulia mtu asiyeyajua. Akaanza na mbio, akaja kwenye pembetatu, akaja kwenye kelele zangu. Kisha akasema, kama jambo dogo, "Na balo ikiangukaka mu bonde, tunashuka wote."

Hilo la mpira kuanguka bondeni nilikuwa nimelisahau.

Tulikuwa na mpira mmoja tu. Upande wa chini wa malisho kulikuwa na bonde lenye kijito, na ndama walikuwa wanakunywa huko. Mwenye shamba alitupa uwanja kwa sharti moja: mpira ukiingia kule, asikimbie kijana mmoja akarukaruka na kutisha wanyama. Washuke wote, polepole, kama watu wanaokwenda kuchota maji, na wapande wote. Niliona ni adhabu ya mtu anayependa ng'ombe kuliko michezo. Nusu ya mazoezi ilipotelea kule. Mimi nilibaki juu nikitazama saa. Sikushuka hata mara moja.

"Mulikuwa munafanya nini kule chini muda wote ule?"

Bauma alijikuna shingo. "Papa, utakasirika."

"Nitakasirika na pumzi gani?"

"Tulikuwa tunakusema wewe."

Walikuwa wananisengenya. Waliiga sauti yangu, na mkono wangu ukichora hewani kama umeshika chaki. Mtoto wa wafugaji na mtoto wa wakulima, ambao huku juu walisalimiana kwa kidevu, kule chini walicheka pamoja, wakinicheka mimi. Wakishamaliza kucheka, walipatana, mmoja akimwambia mwenzake: Mwalimu anataka wewe upande kushoto, lakini hauna mbio, baki, nitapanda mimi. Wakarudi na mpira, wakafanya yao, nami nikapiga makofi nikidhani ni yangu.

Nikamwambia, "Basi systeme ilikuwa yenu."

"Hapana, Papa. Bila pembetatu yako, tungebadilisha nini?"

Hapo nikapotea kabisa.

Sasa uwanja umesawazishwa. Wafadhili wamezungusha wavu, na mipira imejaa mfuko mzima. Ukitoka mmoja, Bauma anarusha mwingine. Hakuna anayeshuka popote. Vijana wanafika, wanacheza vizuri kwa kweli, wanaondoka, kila mtu na simu yake. Wanaupiga mpira mbali bila woga. Sisi tuliliogopa bonde, kwa hiyo tulipeana pasi fupi, chini kwa chini. Ao ilikuwa kwa sababu ya pembetatu? Tazama, nimerudi kulekule.

Nilimwambia: Jumamosi funga mfuko, acha mpira mmoja, fungua wavu upande wa chini, na mpira ukianguka washuke wote.

Alinitazama kwa huruma. "Papa, wakubwa watasema nimepotea akili."

"Waambie ni systeme ya Mwalimu. Lile jina bado liko na nguvu kuliko mimi."

Aliondoka bila kuahidi. Nilisikia pikipiki yake ikikataa kuwaka, kisha ikakubali.

Naogopa. Kama nimekosea, Bauma atapoteza timu kwa sababu ya kubahatisha kwa mzee anayeondoka. Na mazoezi ya siku moja yanaweza kufanya nini? Miaka yote ile nilikuwa na uhakika na jambo nisilolijua. Leo, ninapoanza kulijua kidogo, uhakika sina hata wa kujaza kijiko.

Nimemwomba Neema atafute watu wenye mabega wanibebe kwa kiti Jumamosi mpaka uwanjani. Amesema ni wazimu. Kisha ameuliza nitavaa koti gani.

Mwanzoni nilitaka wanifikishe mpaka bondeni. Nilitaka nipaone mara moja mahali ambapo timu yangu ilikuwa inatengenezwa bila mimi. Lakini nikiwa huko watanisalimu, watanyamaza, wataniletea maji. Hakuna atakayesema kitu. Mahali hapo mimi siwezi kupaona.

Kwa hiyo nitabaki juu, na Bauma atasimama kando yangu hata kama miguu inamwasha kushuka nao. Labda ugumu wote ulikuwa hapo, nami niliuweza kwa bahati tu: kusimama na saa mkononi, kungoja, na watu wako wapo chini wanakucheka.

Mara ya kwanza mpira nitausukuma bondeni mwenyewe kwa fimbo. Nitawapigia vijana kelele kidogo pia, za zamani, na mkono hewani. Lazima wapate la kusema.

Na kicheko kikipanda kutoka kule bondeni, nitakuwa nimepata jibu la kumwachia Bauma, ao nitakuwa nimesikia kicheko tu?