Mkwe Wetu na Unga wa Mkaratusi

Ndugu yangu, mbavu bado zinaniuma kwa kucheka. Yule mkwe wetu mjuaji ameumbuka mbele ya mama watoto.

Mkaratusi ulianguka alfajiri ukaziba mlango wa choo. Nyumba nzima tumebana miguu. Mkwe akaja na msumeno wake wa petroli, akanguruma nao nusu saa. Gogo lipo palepale, kinachotoka ni vumbi laini kama unga.

"Petroli hii mbovu," akasema. Akaimwaga, akachanganya nyingine na oili ya bei mbaya, huku akituhutubia habari za nguvu ya injini. Akawasha. Unga tena. Unga, ndugu yangu.

Mama watoto akausugua ule unga vidoleni, akamgeukia mkwe. "Baba, mnyororo wa msumeno ukiwa mkali hutoa vipande. Huu ni butu. Kisu kikiwa butu, unamshibisha mpishi au unakinoa kisu?"

Mkwe habishani na mama mkwe. Akampisha, macho chini.

Mama akatoa tupa ya kunolea kwenye mkoba wa mkwe, bado imo kwenye karatasi yake ya dukani, akanoa jino baada ya jino. Msumeno ukapita kama kwenye sabuni.

Mkwe akajifuta jasho. "Mnaona? Oili nzuri huchelewa kidogo kushika."

Sote tulikuwa tumeshakimbilia foleni ya choo.