Zamu Yako ya Kukanyagwa

Mpendwa Bukuru, kaka uliyenitangulia duniani kwa robo saa,

Nakuandikia nikiwa wima. Kukaa kwenye kiti muda mrefu nimekatazwa, kwa hiyo karatasi nimeilaza juu ya kabati la viatu vya wateja. Najua ungenicheka, na ungekuwa na haki. Lakini kuna jambo nililokufanyia ambalo hatukuwahi kulizungumza, na kuna jambo ulilonifanyia wewe baada ya kuzikwa, ambalo hakuna mtu atakayeniamini nikimwambia. Wewe ndiye shahidi pekee, kwa hiyo nakuambia wewe.

Unakumbuka foleni ya asubuhi nyumbani kwa mama, Bujumbura? Tulikuwa bado hatujaota meno yote ya mbele. Majirani walikuja wamejishika viuno, wakalala kifudifudi kwenye mkeka, na sisi tukawapanda mgongoni. Kwetu mgongo uliofunga hukanyagwa na pacha, na jambo hilo halikuwa na mjadala. Wewe ulianza kwa kisigino cha kushoto, mimi cha kulia, na tulilipwa ndizi mbivu. Siku ile alipokuja mwalimu wetu wa hesabu ulimkanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akapiga yowe, nawe ukamwuliza kwa upole, "Ni hapo?" Mama alitufukuza uani huku amejiziba mdomo kwa kanga. Alikuwa akisema kuna mgongo mmoja tu ambao pacha hawezi kuukanyaga, nao ni wake yeye pacha mwenyewe, ndiyo maana Mungu huwaleta wawili.

Kisha tukawa vijana wa kubeba mifuko kwenye uwanja wa gofu, tukajifunza mchezo kwa macho. Wewe uliacha, mimi ukanikaa mwilini. Tulipokimbilia Uganda ulishika jembe huko Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi nikaja Mbarara kushona viatu, na mteja mmoja niliyemwokolea viatu vyake vya gofu akanipa fimbo saba kuukuu. Jumatatu uwanja unakuwa mtupu, na watu wadogo kama sisi huruhusiwa kucheza. Nakumbuka nilivyokuja na fimbo moja Nakivale nikuonyeshe. Nilipiga, mpira ukabaki palepale, kipande cha majani kikaruka hadi kwenye sufuria ya maharagwe ya Daphrose. Ukamwambia mkeo, "Angaria huyu. Analima bila kupanda kitu."

Wewe jembe, mimi fimbo, na sote tukaumia mahali pamoja, pale chini kabisa ambapo mgongo unaisha. Basi ikawa desturi yetu. Kila Jumapili nilipanda gari hadi Kaberebere, kisha pikipiki hadi kwako, na baada ya Misa na chakula ulitandika mkeka. Ulinikanyaga kwanza kwa sababu wewe ni mkubwa na ulipenda kunisikia nikilalamika. Halafu nilikukanyaga wewe, nawe ulikuwa na neno lako moja tu nikifika penyewe: "Hapo. Hapo hapo." Hakuna dawa niliyoinunua Mbarara iliyonifaa kama visigino vyako.

Sasa lile jambo langu. Jumapili ile wanachama wa uwanja walipungukiwa na mtu mmoja katika mashindano yao, wakaniita mimi, fundi viatu, nikamilishe kundi. Nilikuwa nimeshapiga pasi shati uliponipigia simu asubuhi.

"Weye, kuya unikanyage. Mugongo umefunga kabisa."

"Jumapili ijayo, kaka. Leo nina mchezo."

"Ntakufa na huu mugongo," ukasema, ukacheka, nami nikacheka.

Nilicheza vizuri siku ile, Bukuru. Hilo ndilo linaloniuma. Nilipigiwa makofi na watu wenye magari. Jumatano malaria ikakupanda kichwani, na Alhamisi ulikuwa umekwenda.

Walipotaka kukulaza kwenye sanduku hukunyooka. Seremala alikuwa amekupima wewe kwa kunipima mimi, maana tulikuwa kimo kimoja, lakini ulikuwa umejikunja kiunoni na hakuna mtu aliyethubutu kukunyoosha kwa nguvu. Sanduku likapanuliwa. Tulikuzika ukiwa umelala ubavu, magoti mbele, na mimi nilitazama udongo ukiingia nikifikiria yale makofi.

Jumatatu ya kwanza niliyorudi uwanjani ilikuwa baada ya kumaliza matanga. Nilicheza mashimo tisa, nikarudi chumbani mgongo ukiwaka, nikalala kifudifudi kwenye mkeka. Ilikuwa saa saba mchana, mlango wazi, redio ya kinyozi wa mlango wa pili ikisema habari za mvua. Nikasikia kisigino cha kushoto kikitua kiunoni.

Sikugeuka. Niliujua uzito ule kuliko ninavyoujua uzito wangu mwenyewe. Kikafuata cha kulia. Ulikanyaga taratibu kutoka chini kwenda juu, ukarudi, kama siku zote, ila nyayo zilikuwa baridi na zilikuwa na unyevunyevu wa udongo uliochimbwa karibuni. Uliposhuka, mkeka ulilia upande wa ukutani, ambako hakuna nafasi ya mtu kupita. Maumivu yalikuwa yameisha. Juma lililofuata nilipiga mpira mbali kuliko nilivyowahi kupiga maishani, wale vijana wa mifuko wakaniuliza nakula nini.

Niliogopa, sikudanganyi. Lakini nilifurahi zaidi kuliko nilivyoogopa, na kila Jumatatu nililala mapema kidogo kukungojea. Nilianza hata kukusimulia mchezo, shimo kwa shimo, uso ukiwa kwenye mkeka. Hukujibu. Nilijiambia wafu si watu wa maneno mengi.

Halafu ukaacha kukanyaga. Ulipanda tu, ukasimama. Visigino viwili mahali pamoja, pale chini, bila kusogea, Jumatatu moja, Jumatatu ya pili, na kila mara ulikaa zaidi. Kinyozi alimaliza vichwa vitatu na wewe bado umesimama. Sikuweza kuinuka wala kupumua hadi mwisho. Nikianza kusema, uzito unaongezeka. Ulipoondoka nilikuwa natambaa kwanza hadi kitandani ndipo niweze kunyanyuka, na maumivu yakawa mabaya kuliko kabla hujaanza kuja. Nilishindwa kuinamia viatu. Mtu wa kazi yangu asiyeweza kuinama atakula nini?

Nikaenda hospitali, Ruharo. Mtaalamu wa viungo ni mama wa Kinyankole mwenye mikono ya mfinyanzi. Aliniambia nivue shati, akapitisha vidole kiunoni.

"Ssebo," akaniita, yaani bwana, "nani anakukanyaga?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hapana danganya mimi. Hii ni kisigino ya mtu. Mbili. Na iko mpya."

Nilisema nililalia mawe. Akanitazama kama mtu anayetazama noti ya bandia, lakini hakunifukuza. Aliniambia mgongo wangu haujavunjika. Kosa ni kwamba napiga mpira kwa kuusokota mgongo huku nyonga zimelala. "Mgongo si ya kuzunguka sana. Zungusha makalio, bambi, Mungu alikupatia ya nini?" Akanifundisha kupasha mwili moto kabla ya pigo la kwanza, kupunguza mzunguko wa fimbo, kuokota mpira kwa kukunja goti na si kiuno, kusukuma mfuko kwenye kigari badala ya kuubeba bega moja. Nyumbani nilale chali, nikunje magoti, niinue makalio polepole nishushe, asubuhi na jioni. Na mtu yeyote asinipande tena mgongoni.

Nilimtii, Bukuru, wewe unanijua nikiogopa ninavyotii. Baada ya wiki kadhaa misuli ilianza kunisikia. Niliinama nikafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe, nikataka kulia. Lakini saa saba ya Jumatatu ilipofika, hata nilipolala chali, hata nilipokataa kulala kabisa nikaegemea mlango, ulikuja. Nilikusikia kiunoni, umesimama wima juu ya mtu aliyesimama wima. Ndipo nilipojua hukuja kunitibu.

Nikaenda Rubondo. Daphrose alinikaribisha vizuri, akanipa chai, kisha akasema kaburi lako linamsumbua. Wamelisawazisha mara tatu, na kila mara udongo unainuka katikati na kupasuka, upande mmoja tu. Nilimwuliza Jumapili ile ilikuwaje. Hakuna aliyewahi kunisimulia, nami sikuwahi kuuliza.

"Alikungoja," akasema. "Alitandika mukeka saa saba, akalala kifudifudi. Mie nikamwambia, 'Butoyi si alisema haji?' Akasema, 'Anasema hivyo, lakini namujua, atakuya.' Watoto wakamuletea chakula, akakataa kuinuka. Tukamuinua giza lilipoingia. Hakunyooka tena."

Chai ilinishinda. Nilitoka nikaenda makaburini, naye akanifuata kwa mbali. Unajua kaburi halikanyagwi. Hata mbuzi akipita juu yake tunamfukuza kwa mawe. Katekista angeniona angenitenga, na angekuwa sahihi. Lakini sikuogopa katekista. Niliogopa kwamba nikikukanyaga kama ulivyoomba hutakuja tena, na mimi, pamoja na hofu yangu yote, sikuwa tayari kukukosa mara ya pili. Hata hivyo nikavua viatu.

Nilianza kwa kisigino cha kulia, kama ninavyoanza. Udongo ulikuwa wa moto juu na baridi chini yake. Nilikwenda taratibu, kutoka miguuni kwako kuelekea kichwani, na nilipofika pale ulipoinuka, nikaweka uzito wangu wote. Ukashuka. Sisemi ulibonyea; ulishuka polepole, chini ya nyayo zangu, kama mgongo unavyoshuka mtu anapotoa pumzi. Na ikasikika sauti:

"Hapo. Hapo hapo."

Daphrose alikuwa ameshika mdomo. "Butoyi, ni weye umesema?"

Sijui, Bukuru. Hata leo sijui. Sauti zetu zilikuwa moja, hata mama alituchanganya gizani. Kinywa changu kilikuwa wazi, lakini koo langu halikuwa limetikisika. Niliendelea kukukanyaga hadi jua likapungua, na nilikuomba radhi kwa kila hatua, kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Tuliposhuka kwenda nyumbani kaburi lilikuwa limelala sawasawa. Mvua zimenyesha tangu siku hiyo na bado limelala.

Hujaja tena. Jumatatu nalala kwenye mkeka, saa saba inafika, inapita. Nacheza mashimo tisa, napiga karibu, sipigiwi makofi na mtu, na mgongo unauma kidogo kama mgongo wowote wa mtu wa umri wetu. Nimekukumbuka, kaka. Nimeukumbuka hata ule uzito.

Leo asubuhi muuza nyanya wa jirani alikuja amejishika kiuno. Kuna aliyemwambia mimi ni pacha. Akaniuliza, "Na mwenzako iko wapi?" Tangu tukuzike, watu wakiniuliza hivyo nimekuwa nikijibu kwamba uko Rubondo, unalima, na nilikuwa nawaambia hata hali ya mahindi yako. Leo nilifungua kinywa nikasema, "Alikufa." Yule mama akasema pole, akangoja. Nikatandika mkeka.

Lala umenyooka, Bukuru.

Mdogo wako wa robo saa,
Butoyi