Mawe ya Mvua Ndani ya Gilasi

Likoni, Jumapili, Februari 1989.

Joto la leo halisemeki. Nimeamka shati limenigandia mgongoni kana kwamba nimeshinda bandarini, na wala sijabeba hata gunia.

Leo Mama amefika. Tangu nije Mombasa nikiwa kijana, hajawahi kupaona.

Kwetu Kisii kila mtu anajua kilichomleta. Anaamini nateseka huku na namficha. Ndugu yangu aliniletea salamu kwa dereva wa lori: Mama akikuta hali mbaya, haondoki bila mimi. Sasa nikirudi nitafanya nini? Shamba ni dogo, na shule niliiachia darasa la sita. Huu ukuli, pamoja na maumivu yake yote, ndio unaowalisha watu kule. Kwa hiyo nilitaka akae kivulini, apewe kinywaji baridi, aone kwamba mtoto wake ana watu.

Friji si langu. Ni la Bi Rukia, mwenye nyumba, ambaye amenipangisha chumba cha nyuma na huniita mwanangu hata anaponikemea. Jana aliniambia, "Ukwaju nitautengeneza mimi. Barafu ni yako."

Nikaiona kazi ndogo. Bomba lilikuwa kavu, nikateka maji kisimani, nikajaza trei, nikaziingiza kule juu kwenye baridi kali. Nilijua maji yale yana chumvi. Nilidhani baridi itaiua. Kisha nikawa kila mara nafungua kuchungulia.

"Wafungua-fungua ya nini?" Bi Rukia akasema. "Hilo friji, si dirisha. Baridi yote yatoka."

Asubuhi nimekuta uji.

Juu kumeshikana kidogo, chini maji. Bi Rukia ameonja, akatema, akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba wewe, maji ya kisima yana ukaidi, hayagandi upesi. Na hata yakiganda, wataka kumpa mamako bahari anywe?"

Nimemkimbilia muuza maji wa mkokoteni, nikarudi na mtungi wa maji matamu. Bi Rukia ameniambia nijaze trei nusu tu, kwani vipande vyembamba huwahi kuganda. Halafu nikavuka feri kwenda kumpokea Mama kwenye basi, roho yote iko kwenye friji.

Tuliporudi nilikuta mlango wa friji umefungwa kwa leso. Bi Rukia aliukaza mwenyewe ili wajukuu wake wasiuguse. Mle ndani barafu ilikuwa imeganda, nyeupe, kavu, inalia ukiikunja trei.

Mama ameketi barazani, miguu imevimba kwa safari. Bi Rukia amemmiminia ukwaju, nami nikatumbukiza vipande. Mama akaitazama gilasi, akaiweka chini. Akachopoa kipande kimoja, akakishika kiganjani.

Lugha yetu ina neno moja tu la barafu na la mvua ya mawe.

"Haya si yale mawe?" akaniuliza.

Mawe ya mvua. Yale yaliyoshuka mwaka ule mahindi yakiwa yanabeba, yakayachana mpaka shamba likabaki vijiti. Baada ya hapo karo haikupatikana, nami nikaja huku. Nilitaka kumpa raha, kumbe nimemrudishia mwaka ule kwenye kiganja.

"Asemaje?" Bi Rukia akauliza. "Hataki?"

Sijajibu, Mama amekitia mdomoni. Tukasikia kinavunjika.

"Meno, mamangu, meno," Bi Rukia akasema.

Mama akatafuna mpaka mwisho, bila haraka. Kisha akasema, "Yalikula mahindi yangu. Leo nayala mimi."

Nikamfasiria Bi Rukia. Akashika mdomo, halafu akavichota vipande vyote vya gilasi yake akavitia kwenye ya Mama. "Basi ale. Alipize."

Wakacheka pamoja, watu wasio na lugha moja. Mimi nikageuka kando, nikajifanya nafukuza nzi.

Jioni Mama amenipapasa bega, akafikia pale ngozi ilipokuwa ngumu kwa magunia.

"Unabeba," akasema.

"Nabeba, Mama."

"Na huyu mama anakukemea?"

"Kila siku."

"Vizuri."

Habari ya kunirudisha nyumbani hakuigusa. Aliuliza tu kama yale mawe yamebaki. Yalikuwa yamekwisha.

Sasa amelala kitandani mwangu, mimi nina mkeka. Kesho nitatoka kwenda kazini kabla hajaamka. Trei nimezijaza maji matamu, nusu, na leso nimeifunga kwa mkono wangu. Sitafungua kuchungulia. Bi Rukia nimemwachia ombi moja tu: Mama akiamka, apewe mawe yake.